Winchi ya Mama Mkwe

Kwa miaka saba nilimjua mama mkwe wangu kwa kikohozi chake na kwa ndara zake. Kwetu Waluo, mwanamume hamtazami usoni mama wa mkewe. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, na akimwona anakuja njiani anasogea kando mpaka apite. Naye mama hufanya vivyo hivyo. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na heshima yenyewe ni kubwa kiasi kwamba mnaweza kupendana miaka na mikaka bila kusemeshana. Nilipokwenda kwao Lambwe nilikaa upande wa wanaume, nikala kuku huku nimeinamisha kichwa, na kitu pekee cha kwake nilichokiona sawasawa kilikuwa miguu yake ikipita mlangoni kwenye ndara za buluu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nilijifunza wapi kufunga winchi ya umeme, ile mashine ya kuvuta gari kwa waya, kwenye bampa, sina budi kuanza na miguu hiyo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa fundi wa magari mjini Migori. Nikiikumbuka mvua ya mwaka ule naiona kana kwamba nimelala na bado inanyesha juu ya bati. Kila kitu kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa: barabara, mto, mashati ya watu. Mke wangu alikuwa amemleta mama yake hospitali kutoka Lambwe, kabla mvua haijachachamaa, akalazwa wiki tatu. Daktari akasema moyo umepanuka, akampa vidonge vya kukojoza maji na vingine vya rangi ya waridi, kisha akamruhusu aende. Aende wapi sasa? Barabara ya kwao ilikuwa imekatika, na kwangu hakuweza kulala hata usiku mmoja. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Na akifia hapo, Mungu apishe mbali, hiyo ni kwer, mwiko ambao ungetutafuna sisi na watoto wetu.

Aliyetuokoa alikuwa mzee mmoja wa Pwani aliyeuza vipuri vya magari karibu na msikiti. Karakana yangu ilikuwa ndani ya ua wake. Alinitazama nikihangaika, akasema, "Mama mkwe wako atalala kwangu, fundi. Mke wangu ana vyumba viwili vya kufugia panya tu. Mgonjwa si mzigo." Basi mama akahamia kwao, upande wa pili wa ukuta wa mabati uliogawa karakana na uga wa nyumba. Nikiwa chini ya gari nilimsikia akikohoa.

Siku ya pili alimwita mke wangu, akamwambia neno moja ambalo mke wangu aliniletea akilia. Alisema: "Nirudisheni nyumbani nikiwa nimekaa. Sitaki kuletwa nimelala."

Hakuna aliyehitaji kumfafanulia mwenzake. Kijijini ulikuwa umeenea uvumi kwamba ameshakufa, na kwamba gari litakaloingia na mama huyo litakuwa la kubeba jeneza. Alitaka waone kichwa chake dirishani. Alitaka kushuka mwenyewe, afungue mlango wake na ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake. Na pumzi yake, kila siku, ilikuwa inapungua kidogo.

Mzee alikuwa na gari kuukuu la kijani, la kuvuta magurudumu yote manne, ambalo alilitumia kuleta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Kisegi. Nilimwomba. Akachezesha tasbihi yake muda mrefu.

"Gari langu siliachi liingie Lambwe mvua hii bila winchi," akasema. "Mwaka jana nililala matopeni siku mbili, omena wakaoza, hadi leo nikikaa msikitini watu wanajisogeza. Winchi ninayo, imo sandukuni. Funga, kisha mchukue mama."

"Sawa mzee. Lakini hii gari haina bampa ya kushika winchi."

"Bampa ipo kule nyuma ya choo."

Kweli ilikuwepo. Ilitoka kwenye gari jingine la ukoo tofauti kabisa, mabomba mawili manene yaliyounganishwa na bapa la chuma katikati, nzito kiasi kwamba mimi na mzee tuliibeba tukitembea ubavuubavu kama kaa. Tulipoipeleka kwenye pua ya gari, hakuna tundu hata moja lililokutana na tundu la chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Mimi nina hasira za karibu. Nikaipiga teke. Chuma hakikusikia kitu, kidole changu kilisikia, nikatoa neno ambalo silirudii hapa. Upande wa pili wa mabati kikohozi kilikatika ghafla, kikafuatiwa na kitu ambacho nadhani kilikuwa kicheko kilichozibwa kwa leso. Kuanzia hapo sikutukana tena katika kazi ile. Nilikuwa nafanya kazi mbele ya mama mkwe, ingawa hatukuonana.

Siku zile sasa zimechanganyika kichwani. Sijui zilikuwa tatu au tano. Nakumbuka mwanga wa kuchomelea ukiruka juu ya mabati yaliyolowa, na harufu ya chuma moto na ya mdalasini kutoka jikoni kwa mke wa mzee. Nilikata vipande viwili vya bapa nene, nikavitoboa upya kufuata chesisi, nikavichomelea kwenye bampa, kisha nikaikaza kwa bolti nene za chuma kigumu. Fundi mvivu huifunga winchi kwenye bampa na kuridhika. Lakini winchi haivuti bampa, inavuta gari zima, na bampa isiposhikana na chesisi kama jino na taya, itang'oka iende peke yake na kukuacha pale pale. Nilijua hilo. Niliweka bapa jingine nyuma, nikaiketisha winchi kwa bolti nne, nikafunga mbele yake vigurudumu vya kuelekeza waya usikwaruzwe.

Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha lugha nisiyoijua hata herufi zake. Nikafuata michoro. Nyaya mbili za umeme, nene kama kidole gumba, nyekundu na nyeusi, zikatoka kwenye betri hadi kwenye kisanduku cha swichi, nikazivisha mpira wa bomba la maji popote zilipogusa bati. Mwisho kulikuwa na kidude cha mkononi chenye vitufe viwili, kimoja cha kuachia waya, kimoja cha kuvuta, na mkia mrefu wa kufika mpaka ndani ya gari.

Nilipobonyeza mara ya kwanza, winchi ilinguruma kwa sauti nzito ya paka aliyeshiba. Mzee akasema mashaallah. Nikavuta waya wote nje mpaka mwisho wa ua, penye mwarobaini, nikauzungushia mti gunia ili waya usiuchubue, kwa sababu mke wa mzee alichemsha majani yake kwa homa. Nikaachia gea, nikashika kidude, nikabonyeza. Gari tupu, bila mtu ndani, likaanza kwenda. Lilijivuta lenyewe taratibu, huku waya ukijikunja kwenye winchi safu juu ya safu, nami nikitembea kando yake. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa limetoka kidogo. Sijawahi kuona kitu kizito kikienda kwa upole namna ile. Nilijisikia fahari.

Upande wa pili, mama mkwe alimwuliza mwenyeji wake, mke wa mzee, ile mashine inavuta kwa kushika nini. Mwenyeji akamwambia inashika mwarobaini. Mama akasema kwao kule bondeni hakuna mti. Mwenyeji akamwambia mke wangu, kwa sababu hakuwa na haja nami, na mke wangu akaniambia mimi jioni tukila.

"Mama anasema kwao hakuna mti."

"Kwani nani anataka mti?" nikasema. "Tunaenda kupasua kuni?"

Nilidhani ni maneno ya mgonjwa aliyekumbuka kwao. Mke wangu naye alidhani hivyo hivyo, akaniongezea mboga. Hebu fikiria. Mtu pekee aliyeijua njia ile hatua kwa hatua alikuwa nyuma ya bati moja, urefu wa mkono kutoka nilipokuwa nikikaza nati. Angekuwa mteja wa kawaida ningemwuliza maswali ishirini. Lakini alikuwa mama mkwe, kwa hiyo maarifa yake yakanifikia kupitia vinywa viwili, yakafika yamepoa, nami nikayatupa.

Tuliondoka asubuhi, mimi mbele peke yangu kama dereva wa kukodi, wao wawili nyuma. Kioo cha ndani nilikigeuza kitazame paa. Tulipita Rongo, tukapita Rodi, na kule Homa Bay mke wangu alishuka kununua mkate na sukari ili mama asiingie kwake mikono mitupu. Ziwa lilikuwa jeupe, halina mpaka na mbingu. Niliposikia mama akimwambia binti yake, "Limejaa," nilitaka kujibu kwamba ndiyo, limejaa kweli. Badala yake nikapangusa kioo ambacho hakikuwa na uchafu.

Kuteremka bondeni hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kule chini, ambako udongo ni mweusi na ukilowa unashika kama ugali usioiva. Tuliteleza, tukanyooka, tukateleza tena. Mwishowe gari likainamisha pua na kukalia tumbo. Nilijaribu mbele, nikajaribu nyuma, magurudumu yote manne yakachimba kaburi lake. Nikazima.

Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na winchi. Nikashuka na waya mkononi, nikainua macho kutafuta mti.

Bonde lote lilikuwa majani. Zamani vichaka vya upande ule vilifyekwa ili kufukuza mbung'o wanaoua ng'ombe, na vilivyobaki vilikwisha jikoni. Yangeyange walikuwa wamesimama mbalimbali kwenye maji, weupe, hawana haraka. Mbele yetu, ng'ambo ya ile tambarare, niliona mapaa matatu, na nikajua bila kuambiwa kwamba moja lilikuwa lake. Nilisimama na ndoano yangu mkononi kama mtu aliyekwenda kuvua na kukuta ziwa limehamishwa. Nikakumbuka kuni nilizosema hatuendi kupasua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Dawa ya haraka ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa haramu kwangu: kumbeba mgongoni. Mama mwepesi yule ningemfikisha kwa nusu saa. Lakini mkwe hamgusi mama mkwe, sembuse kumbeba mgongoni. Kuita vijana wambebe kwa kitanda ndiko kungekuwa kumleta amelala. Nyuma ya kioo nilimsikia akivuta pumzi, fupi, fupi.

Ndipo akamwambia mke wangu, kwa sauti ambayo nilisikia kila neno, "Mwambie mume wako kuna plau pale kwenye ua wa jirani yangu. Ng'ombe zake walikufa kwa mbung'o, plau imebaki. Aifunge hiyo kamba."

Mke wangu akatoa kichwa. "Mama anasema kuna plau pale."

"Mwambie mama plau haina uzito wa kushika gari."

"Anasema haina uzito, mama."

"Mwambie haihitaji uzito. Plau ikivutwa inaingia chini. Hata ng'ombe wanne wanaijua."

Nilikwenda. Ilikuwa imeegemea ua wa minyaa, ina kutu, mdomo wake wa chuma bado mzima. Mwenye nayo, mjane mmoja, alinitazama kwa huruma ya watu wanaowatazama watu wa mjini, akaniruhusu. Niliiburuta mpaka sehemu iliyoinuka kidogo mbele ya gari, udongo wake mgumu zaidi, nikaielekeza pua yake kwenye pua ya gari, nikatia ndoano ya waya pale inapofungwa minyororo ya ng'ombe. Gari lenyewe sasa ndilo lililokuwa ng'ombe.

Lakini kazi ilitaka watu watatu. Mmoja ashike usukani unyooke, mmoja abonyeze, mmoja ashike mikono ya plau isianguke. Mke wangu hakuwahi kuendesha hata baiskeli, akaketi mbele ya usukani ameukumbatia. Mimi nilikuwa kwenye plau. Tukatazamana mimi na mke wangu, na sote tukajua amebaki nani. Mama alihamishiwa kiti cha mbele. Nikampa mke wangu kidude, naye akampa mama, akamwonyesha kitufe cha kuvuta. Leso yake ya pili tuliitandika juu ya waya, ukikatika usiruke kuchapa mtu. Nikarudi kwenye plau, nikakamata mikono yake, nikainamisha macho yangu kwenye matope.

Winchi ikaunguruma. Waya ukakaza, leso ikatetemeka. Nikakandamiza mikono ya plau kwa uzito wangu wote, kama mwanamume mwenye nguvu zake, na plau ikaruka juu, ikanipiga mbavu, ikaja mbio kuelekea gari. Nikaanguka. Nikairudisha. Tukaanza tena, nikakandamiza zaidi, ikaruka tena. Mara ya tatu nilikuwa nimelowa mpaka nyusi na ile hasira yangu imeshafika mdomoni.

"Inua mikono!"

Haikuwa sauti ya mke wangu. Mke wangu alikuwa anapigana na usukani, hakuwa na nafasi ya kumfikishia mtu habari. Nilibaki nimeinama.

"Wewe, inua!" akasema tena. "Plau haikandamizwi. Ukikandamiza nyuma, mdomo unatoka. Inua mikono, mdomo utaingia. Nitazame, nikibonyeza uinue."

Nitazame, alisema. Nikainua kichwa, nikamtazama.

Alikuwa na uso mpana kuliko nilivyodhania. Miaka saba nilikuwa nimemtungia uso mwembamba, wa kufanana na kikohozi chake, kumbe alikuwa na mashavu ya mke wangu, na mwanya juu, na alama ndogo juu ya jicho. Alikuwa amekaa wima, kidude amekishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, macho yake yananitazama moja kwa moja kupitia kioo chenye matope. Akatikisa kichwa kama kuniuliza kama niko tayari. Nikatikisa changu. Akabonyeza, nikainua.

Plau ikazama. Niliisikia ikiingia kwenye viganja vyangu, ikaenda chini mpaka ikakataa kwenda, na pale ilipokataa gari likaanza kuja. Lilikuja polepole sana, likiinua pua kutoka kwenye matope, na uso wa mama mkwe ukija nalo, ukikua. Alikuwa anacheka. Hakuziba mdomo. Hakuna sauti niliyoisikia zaidi ya winchi, niliona mwanya tu na mabega yakitikisika. Nami nilikuwa nacheka, topeni, mkono umeshika plau, mkwe mzima. Sijui ilichukua dakika ngapi. Katika kumbukumbu yangu gari lile bado linakuja.

Tulifanya hivyo mara nne, tukihamisha plau mbele kila mara. Alibonyeza, niliinua. Mara ya nne magurudumu yakashika ardhi ngumu, nikafungua ndoano, nikarudi kwenye gari. Alikuwa ameshahamia nyuma. Kioo cha ndani kilikuwa bado kinatazama paa.

Kichwa chake kilionekana dirishani, kama alivyotaka. Wanawake waliokuwa wakipalilia wakaacha majembe. Alishuka mwenyewe, akasimama kupata pumzi, akatembea mpaka mlangoni kwake, akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya bampa, macho chini, nikiona ndara za buluu zikivuka kizingiti.

Kutoka ndani nikamsikia. "Mwambie mume wako asiondoke kabla hajala."

Mke wangu akatoka. "Mama anasema usiondoke kabla hujala."

"Mwambie mama asante," nikasema.

Aliishi miezi minane zaidi, kwenye kitanda chake. Hatukusemeshana tena. Nilikwenda mara tatu, nikakaa upande wa wanaume, nikala kuku. Alipofariki tulifika na ng'ombe wetu, tukakaa na wakwe wengine chini ya turubai. Katika ukoo wao mkwe wa kiume hasogei kuutazama mwili, kwa hiyo nilitazama watu wakipanga foleni, wakiingia, wakitoka wamefunika midomo.

Mke wangu alikuja akakaa karibu nami. Aliniuliza kama nataka azungumze na wazee, waniruhusu nimwone mara moja tu, kwa kuwa nilimsaidia.

Nikamwambia hapana, nilishamwona.